Mnunuzi Aje Mwisho

Ukiwa na nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wa kale hapa Lamu, mnunuzi hutamtafuta, atakutafuta yeye. Akishindwa kukufikia atamtuma dalali, na madalali wa Lamu hawana subira ya arobaini. Bibi yetu alipofariki mwaka 2021, hitima haijasomwa, palikuja bwana mmoja akaketi barazani na wanaume, akanywa kahawa, akaitikia dua vizuri tu, kisha akamvuta ami yangu kando kumwuliza nyumba tuna mpango nayo gani. Alikuwa na mteja kutoka Ulaya, mtu wa pesa taslimu, asiyependa maneno mengi. Asilimia 10 ya bei ingetolewa wiki hiyo hiyo. Karatasi zitafuata.

Karatasi zitafuata. Maneno hayo nimeyasikia tena na tena tangu siku zile, kwetu na kwa majirani, na nina msimamo mkali juu yake. Kwenye nyumba ya mirathi karatasi ndizo zinazotangulia. Kwanza mjue nyumba ni ya nani, halafu mahakama iwatambue ninyi ni nani, na muda wote huo mtu aangalie dari isivuje. Mnunuzi aje mwisho kabisa, hata akiwa na sanduku la pesa. Familia nyingi ninazozijua hapa kisiwani zimefanya kinyume, na leo zina magofu yaliyoota mipapai katikati, na ndugu wanaopishana uchochoroni bila salamu.

Siandiki kama wakili. Ninaandika kama mmoja wa wasimamizi wawili wa mirathi ya babu yangu, kazi niliyopewa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye bando na moyo wa kusoma barua za serikali hadi mwisho.

Nyumba yenyewe ni kama nyumba nyingi za zamani za hapa: matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, mlango unaokulazimisha kuinama kidogo. Unaingia dakani, yaani barazani mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, ndio ua wa ndani, kwenye mwanga. Kutoka hapo ni misana miwili, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, kisha chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta wa mwisho una zidaka, vishubaka vya ukutani, kutoka chini hadi juu. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, na fundi wa zamani hakubishana na mti. Juu kuna ghorofa iliyoongezwa baadaye, na ghorofa hiyo ndiyo iliyotuchelewesha kuliko kitu kingine chochote. Nitaifikia.

Kwanza lile la asilimia 10. Ami alitamani, na simlaumu. Alikuwa ametumia pesa nyingi kwa maradhi ya mamake. Shangazi ndiye aliyekataa kwa ukali, yeye kwa sababu zake. Lakini hata wangekubaliana wote, mkataba ule usingekuwa na miguu. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka 1981, na Waislamu waliilalamikia kwa miaka hadi ikarekebishwa mwaka 1990, ili nani arithi na apate kiasi gani iamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Wengi wetu tukadhani basi, sheria nzima imetutoka. La. Sehemu ya 7, inayohusu namna mali ya marehemu inavyosimamiwa, bado inatuhusu pale isipopingana na dini. Humo ndimo kilimo kifungu cha 45, kinachosema kwamba anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kifungu cha 82 kinawakataza hata wasimamizi halali kuuza ardhi au nyumba kabla mahakama haijathibitisha barua zao za usimamizi. Mahakama Kuu imefuta mauzo ya namna hiyo mara nyingi. Mnunuzi hapati nyumba, na wewe uliyekula asilimia 10 una deni.

Nilimweleza dalali haya yote. Akaniambia, "Dada, wewe umesoma sana." Hakukusudia kunisifu.

Sasa, nyumba ni ya nani? Jibu la haraka la kila mtu lilikuwa "ya Bibi", kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikaa humo, ndiye aliyewapokea wageni, ndiye aliyemfokea fundi. Hati ilisema vingine. Ilikuwa ina jina la Babu, aliyefariki 1986, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda popote kugawa wala kubadilisha chochote. Mjane alibaki, watoto waliona ni utovu wa adabu kumtajia mama yao mirathi akiwa hai, na miaka ikapita. Ni heshima nzuri sana hiyo, lakini ina gharama, kwa sababu warithi nao hufa. Baba yangu alifariki 2009. Kisha Bibi. Vifo vitatu juu ya nyumba moja isiyogawanywa. Wanazuoni wanaita munasakhati, na ukitaka kuona mtu mzima akitokwa na jasho mpe munasakhati aipige bila kikokotoo.

Sheikh aliyetusaidia kabla hatujafika mahakamani alichora jadwali lake kwenye fulskepu, kwa rula na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Safu ya kwanza ya Babu. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja; wazazi wake walikwisha tangulia. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto. Kinachobaki, mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Ili namba zitoke nzima, nyumba ikakatwa mafungu 40: Bibi 5, Ami 14, Baba 14, Shangazi 7. Hadi hapo kila mtu alikuwa anatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Safu ya pili, kalamu nyekundu. Baba alipofariki, mafungu yake 14 hayakuruka moja kwa moja hadi kwetu watoto. Mamake alikuwa hai, na mama ana sudusi, moja ya sita. Mama yetu, mjane wake, ana thumni. Baada ya hao wawili ndipo kaka yangu anapochukua mawili, mimi moja, mdogo wangu moja. Na hizi sehemu haziingii kwenye 40 bila kukatika, kwa hiyo Sheikh akarudi juu, akaongeza mafungu, akaandika upya safu ya kwanza. Safu ya tatu, Bibi: thumni yake ya mwanzo pamoja na sudusi aliyoipata kwa mwanawe. Hapo warithi wake ni Ami na Shangazi tu. Akarudi tena juu. Alipomaliza, chini ya karatasi palikuwa na 5,760, na mbele yake: Ami 2,720, Shangazi 1,360, kaka 714, mimi 357, mdogo wangu 357, Mama 252.

Mama aliitazama karatasi ile kitambo. "Mafungu 252 kati ya 5,760," akasema. "Hapo hata jamvi la kuswalia halitandikiki." Tukacheka sote, hata Ami, na nadhani kicheko kile kilituokoa na mengi.

Lilikuwepo swali ambalo hakuna aliyelitamka siku ile, nami nililipeleka nyumbani. Kwa nini sisi watoto wa marehemu hatukupata kitu katika fungu la Bibi? Kwa sababu mtoto wa kiume aliye hai anawazuia wajukuu. Ndiyo sheria, na Bibi alikuwa na njia ya kulirekebisha hilo mwenyewe kama angetaka: wasia hadi theluthi ya mali yake, maana wasia hauruhusiwi kwa mrithi lakini wajukuu waliozuiwa si warithi. Misri walitunga sheria ya wasia wa lazima kwa wajukuu wa namna hii tangu 1946. Kenya hatuna. Ukiwa na bibi au babu ambaye mwanawe amemtangulia, na ana kauli bado, mtafutie mtu wa kumweleza habari ya theluthi. Asikie kutoka kwa sheikh, asisikie kwako. Usije ukaonekana unapima kaburi la mtu.

Sasa ghorofa. Asiyejua Lamu huenda hafahamu kwamba katika familia zenye uwezo, desturi ilikuwa binti akiolewa anabaki kwao, na mume ndiye anayehamia. Baba mwenye mabinti hujenga juu, ghorofa kwa ghorofa, au huvuka uchochoro kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, na kujenga upande wa pili. Babu alimjengea Shangazi ghorofa ile kwa harusi yake mwaka 1974. Hakuandika. Nani angeandika? Shangazi alikaa humo na mumewe, akazalia humo, na alipowafuata watoto wake Mombasa akaipangisha, kodi akila yeye, na Babu alipokuwa hai hakuwahi kumwuliza hata senti. Tulipoanza kuhesabu mafungu 40 alikaa kimya kabisa, kisha akasema, "Hesabuni ya chini. Yuu si ya marehemu." Yuu kwa Kiamu ni juu, yaani ile ghorofa.

Hapa ndipo nyumba nyingi huanguka. Kisheria, na hata mahakama za kawaida zinalijua hili, mali aliyoitoa mtu hiba akiwa hai na mzima si sehemu ya mirathi yake. Imeshatoka. Hiba kwa Waislamu haihitaji hati iliyosajiliwa ili isihi; inahitaji mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe kweli. Hilo la kukabidhi ndilo lenye uzito. Baba anayesema "chumba hiki ni cha binti yangu" na huku ufunguo uko mfukoni mwake hadi anakufa, huyo hajatoa kitu. Kwa hiyo swali la Kadhi likawa la vitendo: nani alikuwa anakaa, nani alikuwa anakarabati, kodi ilikuwa inakwenda wapi, na nani alikuwepo.

Aliyekuwepo alikuwa Ami. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko sote, kwa sababu ghorofa ikirudi kwenye mirathi yeye ndiye mwenye fungu kubwa. Nilimwona akifikiri. Kisha akasema mbele ya watu, "Mchanga wa ghorofa ile nimeubeba mimi na punda. Babangu alimwita shemeji akamwambia, yuu ni kwa binti yangu, akampa dada ufunguo mkononi." Angenyamaza tu, tungekuwa mahakamani hadi leo.

Wakfu pia tuliuangalia, na naomba yeyote anayefikiria kuuza huku pwani asiruke hatua hiyo. Ukoo wa zamani hauchelewi kukuta kwamba kiwanja, au sehemu yake, kiliwekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, awe mnunuzi ni nani. Na kuna zile nyumba zisizo na ardhi, desturi ya pwani yetu, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipia ijara. Hapo unachouza ni kuta. Kwetu hapakuwa na hili wala lile.

Kuhusu mahakama nitasema machache, maana kila faili lina visa vyake. Katiba ya 2010, ibara ya 170, inampa Kadhi mamlaka ya mirathi pale pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kusikilizwa naye. Neno la mwisho hilo ni zito: mmoja akikataa, mnakwenda mahakama nyingine, na Mahakama Kuu iliyo karibu nasi iko Garsen. Hata huko mafungu yatapigwa kwa sheria ile ile ya Kiislamu, ila mtakuwa mmeongeza nauli na ada. Sisi tulikubaliana wote. Kaka, aliye Muscat, alitia saini ridhaa yake ubalozini. Barua ya chifu, vyeti vya vifo vyote vitatu, nakala za vitambulisho. Cheti cha Babu ndicho kilichotusumbua, cha zamani, jina limeandikwa kwa mkono na karani aliyekuwa na haraka. Tulichagua wasimamizi wawili, Ami na mimi, ingawa sheria inaruhusu hadi wanne. Wanne ni wengi. Kila karatasi itataka saini nne, na mmoja atakuwa safarini siku zote.

Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambapo mwenye pingamizi hupewa siku 30. Barua za usimamizi zikishatoka, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 kabla ya kuomba uthibitisho, na ni katika uthibitisho ndipo orodha ya warithi na mafungu yao huingia kwenye cheti. Cheti hicho ndicho ruhusa ya kuuza. Warithi wote wakiafikiana mahakama inaweza kuombwa ithibitishe mapema, lakini usipange maisha yako juu ya hilo.

Miezi 6 kwa binadamu si mingi. Kwa dari ya chokaa yenye ufa ni masika nzima. Nyumba hizi hazianguki kwa kishindo. Maji yanaingia mahali padogo juu, yanateremka ndani ya ukuta, na kinachooza kwanza ni kichwa cha boriti, ile shubiri iliyofukiwa ukutani ambayo hakuna anayeiona. Mwezi wa nne niliingia msanani nikakuta unga mwekundu sakafuni, chini kabisa ya boriti ya tatu. Fundi alipanda ngazi, akaigonga kwa kisu, kisu kikaingia hadi mpini. "Hii imeshakufa," akasema, "inashikiliwa na wenzake."

Pesa za kuitengeneza zitoke wapi, na kwa idhini ya nani? Ndugu wanaogopa kugusa kwa sababu wamesikia habari ya kifungu cha 45, na kila mmoja anaogopa kwamba akitoa zake hatarudishiwa. Mahakama inaweza kutoa kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali ya marehemu, bila ruhusa ya kuigawa, na kwa kibali hicho tukaweza kulipa fundi kwa utaratibu unaoeleweka. Nikanunua daftari la kurasa 200. Kila shilingi iliyotolewa, nani ameitoa, lini, kwa kazi gani, risiti imebandikwa kwa gundi. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi wote tumeimbishwa hivyo shuleni, lakini mpaka uone uso wa ndugu anayedai alitoa 40,000 na daftari linasema 14,000, hujajua methali ile ilitungwa na mtu aliyerithi.

Kuna na jambo la mji wenyewe. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hubomoi wala hupandishi ukuta upendavyo. Watu wa makumbusho na wa kaunti lazima wajue. Wengi wanaona ni usumbufu. Mimi niliona faida yake, kwa sababu waliokuja kututazama ndio waliomkataza fundi asipige saruji juu ya chokaa. Saruji inafunga unyevu ndani ya jiwe la tumbawe, na baada ya misimu michache inabanduka na nusu ya ukuta. Tulitumia chokaa. Ni ghali zaidi na inachelewa kukauka, na punda wawili walishinda siku nzima wakipandisha mifuko kutoka ufukoni.

Kabla ya kumtafuta mtu wa nje tulijaribu kuuziana wenyewe. Sheria ya Kiislamu ina mlango huo, takharuji, ambapo mrithi hutoka kwenye mali kwa kulipwa na wenzake. Ningependa kila familia ianzie hapo. Ami alitaka sana kubaki na nyumba, ila hakuwa na pesa ya kuwalipa wengine kwa pamoja, akaomba alipe kidogo kidogo kwa miaka. Shangazi akamwangalia. "Kaka yangu, mimi na umri huu, hiyo awamu ya kumi nitaipokelea wapi?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Tukauza kwa wageni, mume na mke kutoka Ulaya, si wale wa dalali. Nilijua tutasemwa. "Wanaiuza Amu kwa wazungu", Amu ndiyo Lamu kwa wenyewe, ni maneno yanayosemwa barazani tangu wageni walipoanza kununua Shela na hapa mjini, na hayakukosa ukweli. Kuna mitaa ambayo madirisha hufunguliwa Disemba tu. Lakini katika mtaa wetu ninaweza kukuonyesha viwanja vya familia ambazo hazikuuza kwa mgeni, wala kwa mwenyeji, wala hazikukarabati, na leo ni mawe na mbuzi. Yule anayenisema anipitishe kwanza pale. Isitoshe, watu hawajui kwamba mgeni hapati milki ya daima: ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na hata mkimwandikia milki huru, sheria itaihesabu kuwa ni miaka 99. Wakili wao alilijua. Wao wenyewe hawakulijua, na bei ilishuka kidogo siku walipoambiwa.

Mauzo yenyewe, ukilinganisha na yaliyotangulia, yalikuwa mepesi. Wasimamizi husajiliwa kwanza kwenye hati mahali pa marehemu, ndipo wahamishe kwa mnunuzi. Upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, cheti cha kaunti kwamba hudaiwi kodi ya ardhi (tulidaiwa, na miaka mingi), mkataba, asilimia 10 kwenye akaunti ya wakili na si mkononi mwa Ami, siku 90 za kukamilisha. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, ni wa mnunuzi.

Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, na hii inastahili aya yake. Ilirudishwa nchini mwaka 2015 kwa asilimia 5 ya faida, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Wachache wanajua kuna msamaha: mali ya marehemu inayouzwa katika kusimamia mirathi haitozwi kodi hiyo ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo, au ndani ya muda wa ziada ambao Kamishna wa kodi ameukubali kwa maandishi. Miaka 2! Ukitoa miezi ya vyeti, siku za pingamizi na ile miezi 6, unabaki na nafasi, si kubwa, lakini inatosha kama mmeanza mapema. Kwetu hati ilikuwa ya mtu aliyefariki 1986. Ile heshima ya kutomtajia mjane mirathi, miaka 35 ya heshima, tuliilipia pale.

Bei siitaji. Chukua mfano wa milioni 18 baada ya kodi, madeni na ada zote. Mthamini alisema ghorofa ya juu ni theluthi ya nyumba, kwa hiyo milioni 6 zinatoka kwanza kwenda kwa Shangazi kwa hiba yake, na milioni 12 ndizo zinazoingia kwenye mafungu 5,760. Ami anapata kama 5,667,000, Shangazi anaongezewa kama 2,833,000, kaka 1,487,500, mimi na mdogo wangu 743,750 kila mmoja, Mama 525,000. Kabla ya hundi yoyote kuandikwa niliwasomea wote daftari, ukurasa kwa ukurasa, na kila aliyetoa pesa ya chokaa akarudishiwa. Mdogo wangu alisinzia kwenye kurasa za punda.

Wote wamelipwa isipokuwa kaka. Pasipoti yake ina m mbili kwenye jina la babake ambapo kitambulisho kina m moja, na benki haimtambui kuwa ni mtu mmoja. Ameapa kiapo kule Muscat, kiapo kimekuja bila mhuri, kimerudishwa. Pesa yake iko kwenye akaunti ya wakili, na kila Ijumaa ananipigia kuniuliza kama mhuri umefika.